Bomu Ndani ya Motokaa: Jicho na Sikio katika Ufunguzi wa Sinema

Watu wengi, wakiulizwa ni kitu gani kiwatiacho hofu sinema inapoanza, aghalabu hujibu kwamba ni ngoma na tarumbeta zinazovuma nyuma ya picha. Na jawabu hilo, ingawa lina sehemu yake ya haki, laacha nje asili ya jambo lenyewe, nayo ni ilimu, kwani mtazamaji hutaharuki pale apewapo habari ambayo wale anaowatazama wamenyimwa. Mwongozaji wa sinema Alfred Hitchcock, alipozungumza na mwongozaji mwenzake, Mfaransa François Truffaut, mwaka 1962, alitoa mfano wa watu waliokaa mezani wakiongea mambo yasiyo na uzito, na chini ya meza pametegwa bomu: likilipuka pasipo onyo, watazamaji hushtuka kwa sekunde kumi na tano, wakijulishwa mapema kwamba lipo, hukaa roho juu kwa dakika kumi na tano.

Sijaona ufunguzi uliotimiza kanuni hiyo kwa ufasaha kuliko ule wa Touch of Evil, sinema ya Orson Welles iliyotoka mwaka 1958, ambayo kisa chake kimewekwa katika mji wa mpakani baina ya Meksiko na Marekani, ingawa mitaa tuionayo ni ya Venice, California. Picha ya kwanza ni mikono inayoitega saa ya bomu. Mwenye mikono hiyo akimbilia motokaa iliyosimama, atia bomu ndani ya buti, kisha atoweka. Na mara watokea bwana mmoja tajiri na mwanamke wake, wakapanda na kuondoka pasi na habari. Kamera ya Russell Metty, iliyofungwa juu ya winchi, yapaa juu ya mapaa ya nyumba, yashuka tena barabarani, nayo yaendelea kurudi nyuma mbele ya motokaa kwa muda wa dakika tatu na ushei, pasipo mkato hata mmoja.

Kukosekana huko kwa mkato hakukuwa mashindano ya ustadi tu. Mkato humpa mwongozaji idhini ya kuufupisha muda au kuurefusha, na mtazamaji, hata asipoweza kulieleza jambo hilo, hulijua na hujituliza kwalo; lakini picha inapokwenda mfululizo, dakika za sinema na dakika za mtazamaji aliyeketi kitini huwa ni zile zile, na saa iliyotegwa mbele ya macho yake huwa yamhesabia yeye pia. Isitoshe, kamera yaiacha motokaa na kuwafuata maarusi wawili waendao kwa miguu, Vargas na mkewe Susan, huku motokaa ikizuiliwa mara na askari wa barabarani, mara na kundi la mbuzi, ikipotea machoni na kurejea ubavuni mwao. Penye kizuizi cha mpaka mwanamke aliyemo garini alalamika kwamba asikia mlio wa saa kichwani mwake, wala hapana amjaliye.

Kuhusu sauti, kampuni ya Universal iliutia ufunguzi huo muziki wa Henry Mancini, na juu ya picha ikaandika majina ya waigizaji na mafundi. Muziki wenyewe ni mzuri, na wako waupendao hadi leo; ila maandishi yalishughulisha jicho lililopaswa kuitafuta motokaa, na muziki ule, kwa kuendelea bila kupumua, uliufunika mji wote kwa hisia moja. Welles alikwisha andika waraka wa kurasa 58 mnamo Desemba 1957 akiomba marekebisho mengi, miongoni mwayo kwamba isikike miziki ya mabaa na vilabu vya mtaa ule, ikichanganyika kamera ipitapo. Ombi hilo halikusikilizwa, naye akafariki mwaka 1985. Mwaka 1998 mhariri wa sinema Walter Murch, akiushika waraka huo mkononi, aliihariri sinema upya: majina yakaondolewa, na mahali pa Mancini pakaingia sauti za mtaa na redio ya motokaa yenyewe.

Redio hiyo ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa kuwa ikififia twajua kwamba bomu limekwenda mbali, na ikisikika tena twajua kwamba limekaribia, hata kama motokaa haijaonekana. Hivyo sikio lapewa ilimu ambayo jicho limenyimwa. Sergio Leone naye, katika Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968, aliwaweka majambazi watatu wakingoja garimoshi stesheni bila ya muziki wowote, pakisikika kinu cha upepo kilichokosa mafuta, matone ya maji juu ya kofia, na nzi.

Nakala zote mbili za Touch of Evil zapatikana. Mpenzi wa sinema na aanze kwa ile ya 1958, kisha aitazame ya 1998, na katika hii ya pili aisikilize redio.