Kinywa cha Mgonjwa: Mlango Usiofaa Kuachwa Wazi

Watu wengi hudhani kuwa maradhi ya meno ni jambo dogo. Jino likiuma hutafutwa karafuu, na likitulia husahauliwa. Wala hatukatai kuwa mtu mwenye afya njema aghalabu hupita salama. Lakini wako wagonjwa ambao jino moja bovu, au ufizi mmoja wenye usaha, huweza kuwa sababu ya kupoteza uhai wao. Hao ni wale wanaopandikizwa uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, ambamo damu hutengenezwa. Na kwa kuwa matibabu haya yamekwisha kufika katika nchi zetu, twaona yafaa kila nyumba ijue habari zake.

Wakazi wa Kinywani

Kinywa cha mwanadamu hakiwi kitupu hata siku moja. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mtu wa mji wa Delft huko Uholanzi, alitazama kwa kioo cha kukuzia ukoga alioutoa baina ya meno yake mwenyewe, akaona viumbe vidogo mno vikienda huku na huku. Mtu huyu alikuwa na desturi ya kusugua meno yake kwa chumvi, na hata hivyo aliviona. Alipochungua ukoga wa mzee asiyesafisha meno yake kabisa, aliviona vingi kupita kiasi. Akaziandika habari hizo katika barua aliyoipeleka kwa wataalamu wa Royal Society mjini London. Leo wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zipatazo 700 za vijidudu viwezavyo kukaa kinywani, ijapokuwa mtu mmoja hana zote.

Vijidudu hivi si adui wote. Vingi hukaa nasi kwa amani, na vingine hata huwazuilia nafasi wale walio wabaya zaidi. Hata tunapopiga mswaki, vichache huweza kupenya katika damu kwa njia ya fizi. Lakini askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huviua upesi nasi tusihisi lolote. Basi amani hiyo yategemea mambo mawili: ukuta mzima, nao ni ngozi laini ya ndani ya kinywa; na askari walio macho. Mambo hayo mawili ndiyo yavunjikayo kwa pamoja katika siku za kupandikizwa uboho.

Matibabu Haya ni Yapi?

Ndani ya uboho mna chembe zilizo mama wa damu yote, nazo huitwa seli shina. Mwaka 1957 Daktari E. Donnall Thomas na wenzake, huko Cooperstown katika Marekani, walitangaza habari za wagonjwa 6 waliotiwa uboho wa watu wengine kwa njia ya mshipa. Hapana hata mmoja wao aliyeishi zaidi ya siku 100. Lakini hawakuvunjika moyo, na baada ya miaka mingi ya kazi matibabu hayo yakaokoa maelfu ya watu. Na mwaka 1990 Daktari Thomas akapewa tuzo ya Nobel.

Siku hizi mgonjwa huweza kurudishiwa seli shina zake mwenyewe zilizohifadhiwa, au kupewa za mtu mwingine. Mara nyingi mpaji hutafutwa kwanza miongoni mwa ndugu wa tumbo moja, na kila ndugu ana nafasi moja katika nne ya kuafikiana sawasawa na mgonjwa. Matibabu haya hutumika kwa saratani za damu na kwa ugonjwa wa seli mundu unaowatesa watoto wengi wa Afrika. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kazi hii mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye seli mundu mwaka 2023.

Ukuta Ukibomoka na Askari Wakiondoka

Kabla ya kutiwa seli mpya, mgonjwa hupewa dawa kali sana, na pengine mionzi, ili uboho wa zamani uondoke. Dawa hizo huua chembe zizaliwazo kwa haraka. Na chembe za ngozi ya kinywa ni miongoni mwa hizo. Kwa hivyo, kabla hazijapita wiki mbili, kinywa huweza kuwa chekundu, kikachubuka na kufanya vidonda, hata mgonjwa akashindwa kumeza mate.

Wakati huo huo askari nao wamekwisha. Mtu mwenye afya huwa na chembe nyeupe baina ya 4,000 na 11,000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Mgonjwa huyu huteremka mpaka zile chembe zinazopigana na vijidudu zikawa chini ya 500, na pengine zisionekane kabisa. Hali hii hudumu mpaka seli mpya zishike, na hilo kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne.

Katika siku hizo, vijidudu vilivyokuwa jirani wema hupita katika vidonda na kuingia damuni bila ya kuzuiwa. Jamii ya streptokoka ikaayo kinywani ni mashuhuri kwa jambo hili, nayo huweza kuleta homa kali, kushuka kwa nguvu za damu, na hata mauti. Ukungu mweupe wa kinywani nao hupata nafasi, na virusi vya malengelenge ya midomo vilivyokuwa vimelala huamka. Basi adui hakutoka mbali, alikuwamo nyumbani.

Yapasayo Kufanywa

Kazi ya kwanza ni kabla ya matibabu. Mgonjwa aonwe na daktari wa meno mapema, ukoga uondolewe, na mashimo yazibwe. Jino lisilofaa likihitaji kung'olewa, madaktari hupenda ling'olewe siku 10 hadi 14 kabla ya dawa kali kuanza, ili kidonda kipate kupona. Wazazi wasione kuwa huku ni kucheleweshwa bure.

Kazi ya pili ni wakati wa matibabu. Kinywa kisafishwe kila siku kwa mswaki laini, na kisukutuliwe mara kwa mara kwa maji ya chumvi kama daktari atakavyoagiza. Kwa baadhi ya dawa, kama melfalani, mgonjwa huambiwa anyonye vipande vya barafu wakati dawa ikiingia: baridi hubana mishipa midogo ya kinywa, dawa ikafika humo kidogo, na vidonda vikapungua. Chakula kiwe laini na vuguvugu, kisiwe na pilipili wala ndimu. Na homa ikifika digrii 38, daktari aambiwe saa ile ile, isingojewe asubuhi.

Kazi ya tatu huendelea baada ya kurudi nyumbani. Aliyepewa seli za mtu mwingine huweza kupatwa na maradhi ya chembe za mpaji kuushambulia mwili wake. Kinywa hukauka, hufanya mistari myeupe, na huumia kwa viungo vikali. Kinywa kikavu huoza meno upesi. Kwa hivyo halua na vitu vitamu wanavyoleta wageni visiwe zawadi ya kila siku, na daktari wa meno aendelee kumtazama.

Mswaki na Mgonjwa

Sisi Waislamu usafi wa kinywa si habari ngeni kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuhimiza mswaki sana, na kusukutua tunakujua katika kila udhu. Lakini yafaa kufahamu kuwa katika siku ambazo damu ya mgonjwa ni dhaifu, mswaki wa mti wenye nyuzi ngumu huweza kuchubua fizi na kutoa damu. Basi mgonjwa atumie brashi laini aliyoagizwa, na usafi ule ule utapatikana. Wala mwenye kuuguza asimwonee haya mgonjwa kwa kusukutua au kunywa dawa mchana wa Ramadhani, kwani mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Twamalizia kwa kuwakumbusha wazazi na vijana wetu. Si kila mtu awezaye kuwa daktari, wala si kila ndugu atakayeafikiana na mgonjwa ili ampe uboho wake. Lakini kila aliyemo nyumbani aweza kushika bilauri ya maji, kumkumbusha mgonjwa kusukutua, na kumtazama kinywa chake kila siku aone kama pana kidonda kipya. Kazi hii haina fahari, na aghalabu hakuna aishukuruye. Lakini ni sehemu ya dawa yenyewe. Anayeufunga mlango huu hushiriki katika kuihifadhi roho ya mtu.