MANENO YA KUPUMZIKA, YA WAZEE NA YA VIJANA

Katika bweni letu wamo Wajita, Wakurya, Wazanaki, Waikizu na Wajaluo, na kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini kengele ya mwisho ya Ijumaa ikilia, wote husema neno moja: "Sasa ni kula bata." Wazazi wengine wakilisikia hukunja uso, wakidhani watoto wao wamekuwa walafi. Napenda kueleza maana ya neno hilo na wenzake, kwani hapana shaka ugomvi mwingi wa likizo huanzia hapo.

Kula bata si lazima bata awepo. Maana yake ni kustarehe kwa furaha, na kwa kawaida pana gharama ndani yake: soda, muziki, safari. Wenye mzaha huongeza kwamba watamla mpaka kuku waone wivu. Wako wasemao kuwa lugha imeharibiwa, bali mimi naona vijana wamefuata njia ya wazee. Tangu zamani Waswahili hula kiapo, hula njama, hula hasara, hata sikukuu huliwa, wala hakuna kinachotafunwa.

Matata yapo katika kulipima neno. Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa vizuri. Basi mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa. Siku hizo ni za mapumziko, lakini pia hazina fedha. Mtoto wa mvuvi wa Musoma akifika nyumbani wiki hiyo na kusema, "Baba, nimekuja kula bata," mzee atasikia kwamba anadaiwa. Angesema amekuja kupumzika, asingemkera mtu, kwa kuwa neno hilo latokana na pumzi: ni kuvuta pumzi baada ya kazi. Na kama anataka kukaa ziwani tu, aseme anakwenda kupunga upepo, ambao haununuliwi.

Neno "kijiwe" nalo lina mambo. Ni jiwe dogo, yaani mahali vijana wanapokaa na kupiga stori. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anashinda kijiweni, hudhani hana kazi. Lakini pale Bunda, kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, kijiwe cha bodaboda ndiyo ofisi ya mwenye pikipiki. Asipokaa pale hapati abiria.

Ajabu ni kwamba jina la mapumziko hufuata heshima ya mwenye kupumzika. Mwalimu Nyerere, aliyeacha urais mwaka 1985 na kurudi Butiama, alipenda kucheza bao, na bao halichezwi bila mazungumzo. Hata hivyo hakuna atakayesema Mwalimu alikuwa kijiweni. Watu wa pwani wangesema alibarizi, neno zuri ambalo sisi wa bara tumeliacha vitabuni.

Darasani maneno ya vijana ya namna hii huitwa misimu. Mengi huzuka na kupotea, machache hubaki. "Daladala" lilianza kama mzaha wa mitaani juu ya nauli ya shilingi 5, na leo limo katika kamusi. Lakini katika insha ya mtihani kula bata hupigiwa mstari mwekundu, isipokuwa swali lenyewe liwe linahusu misimu.