Simu Haijazeeka, Mwanangu, Imevimbiwa

Oya masela wa Mfaranyaki, kabla hujaanza kupigia hesabu gunia la mahindi la mzee ili ukavute simu mpya, kausha kwanza. Simu nyingi zinazotukanwa hapa kitaa hazijazeeka. Zimevimbiwa.

Mcheki mchizi wa boda na itel yake. Abiria kashashuka, anasema hela kaituma, mwana anagusa meseji ahakikishe: kioo cheupe. Anagusa tena. Kibodi inaibuka yenyewe bila kuitwa, herufi zinatokea kidole kikiwa kishaondoka, na abiria keshaanza kununa. Hapo mwana anaimaindi simu, anaimaindi na kampuni iliyoitengeneza. Sasa ingia upande wa hifadhi uone mzigo uliomo. Bao lilelile la juzi limeletwa na magrupu manne, na kila grupu limeacha kopi yake. Kadi za michango ya harusi zilizokwishapita. Maua ya "asubuhi njema" ya mama mkubwa. Klipu ndefu za ngoma ya lizombe za kumbukizi ya mashujaa wa Majimaji, Februari 27, zilizopigwa na mtu aliyesimama nyuma ya mwavuli.

Noma yenyewe iko hivi. Simu ya GB 32 haikupi GB 32, maana mfumo wenyewe umeshajikatia kipande kinono. Halafu hifadhi za simu za bei chee zina kasi ndogo tangu kiwandani. Zikikaribia kujaa, kila kitu kipya kinachotaka kuandikwa kinasubiri nafasi itafutwe, vya zamani vihamishwe, vifutwe, ndipo kiingie. Hata meseji ya maneno mawili inapanga foleni. Mimi huwa naacha robo nzima wazi, na siibani hata kwa video ya bosi.

Pa kuanzia ni WhatsApp. Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Humo wamekupangia kabisa: mafaili yanayozidi MB 5 upande wake, na yaliyosambazwa mara nyingi upande wake. Hayo ya kusambazwa piga chini yote bila huruma. Ukimaliza, zima upakuaji wa kujiendesha wa picha na video, uwe unagusa mwenyewe unachotaka kuona. Bando nalo litapumua.

Zile programu za kusafisha zenye roketi na ufagio? Shtuka, mwanangu. Nyingi zinaishi kwa matangazo, na zenyewe zinakaa humohumo zikila RAM. Android inajua kupanga RAM yake. Ukiwa unaua programu kila dakika, unailazimisha izianzishe upya na chaji inateketea. Hata ile "4+4" wanayoiandika kwenye boksi, GB nne za pili zimekopwa kwenye hifadhi hiyohiyo iliyojaa. Mkopo wa namna hiyo sikushauri.

Kuna ujanja mmoja wa geto unaopendwa sana. Nenda Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, menyu ya wasanidi programu itafunguka. Shusha vipimo vya uhuishaji kutoka 1x hadi 0.5x, na mengine humo usiyaguse. Simu haiongezeki nguvu, inapunguza mbwembwe tu za kufungua na kufunga, ila mkononi unaisikia nyepesi. Facebook nayo weka ile Lite, ipo tangu 2015 kwa ajili ya simu kama zetu.

Betri iliyochoka nayo inazingua. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri kuukuu zisizimike ghafla. Joto ndiyo kabisa: simu iko juani, iko kwenye chaji, na wewe uko kwenye gemu, lazima ipunguze mwendo yenyewe. Baridi ya Songea ya Juni inatutesa sisi, prosesa inaikubali.

Ukikwama kabisa, rudisha simu ilivyotoka kiwandani. Fundi atakuomba msimbazi "aiflashi", wakati hilo lipo kwenye mipangilio na ni bure. Ila kabla hujagusa, nakili picha na chati, na uhakikishe nywila ya Gmail iliyomo unaijua. Tangu Android 5.1, simu ikifutwa kiholela inadai akaunti ya zamani kabla ya kukufungulia. Wengi wetu Gmail tulifunguliwa na muuzaji siku ya kununua, nywila anayo yeye, na duka lenyewe siku hizi linauza vitenge.

Ila kama yako bado ina Android 4.4, hapo hakuna mchongo. WhatsApp iliitema Januari 1, 2025. Mpelekee bibi Peramiho, redio itamtosha.