Je, Wajua? Kioo Kinaweza Kuisingizia Picha

Je, wajua kwamba unapohariri picha kwa programu ya GIMP, unachokiona kwenye kioo si picha yenyewe? Picha halisi imekaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, imegawanywa vipande vidogo vya mraba. Kila unapoikuza, kuisogeza au kuigusa kwa brashi, programu huunganisha tabaka za picha, hugeuza rangi zifae kioo chako, kisha huchora upya vipande vilivyobadilika. Hitilafu ikiingia njiani, kioo huonyesha uchafu huku faili likiwa salama kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuing'oa programu na kuipakua upya, toa nakala ya PNG kwa Export As uifungue kwenye simu au kompyuta nyingine. Ikiwa safi huko, kazi yako haijapotea.

Tatizo linalowasumbua wengi ni umanjano: karatasi nyeupe inaonekana ya njano ndani ya GIMP, na kwingine ni nyeupe. Mara nyingi chanzo ni wasifu wa rangi wa kioo, faili dogo linaloieleza kompyuta jinsi skrini ile inavyotoa rangi. GIMP huutii, programu nyingine nyingi haziujali. Wasifu ukiwa mbovu, mtiifu ndiye anayeonekana mkosaji. Zima usimamizi wa rangi kwenye menyu ya View. Umanjano ukiondoka, badilisha wasifu, na picha usiiguse: ukiirekebisha kwa jicho, itatoka ya buluu kila itakakofunguliwa.

Mengine si hitilafu hata kidogo. Zana zote zimetoweka? Umegusa Tab, iguse tena. Brashi haichori? Huenda kuna kieneo kilichochaguliwa pembeni bila wewe kukiona. Bonyeza Shift, Ctrl na A pamoja. Miraba ya kijivu nyuma ya picha ni alama ya uwazi tu. Lakini vipande vya picha vikibaki bila kuchorwa, angalia kama OpenCL imewashwa, ile inayohamishia hesabu kwenye kadi ya michoro. Izime.

Zipo pia hitilafu za kweli. Mwaka 2020 Apple ilipotoa macOS Big Sur, mistari inayotembea kama siafu kuzunguka eneo lililochaguliwa ilitoweka kwenye GIMP. Uteuzi ulikuwepo, ukikata picha inakatika, ila mpaka hauonekani. Mfumo ulikuwa umebadili namna ya kuchora kwenye kioo, ikabidi msimbo wa GIMP nao urekebishwe.

Marekebisho ya namna hiyo hutegemea watumiaji wanaoripoti hitilafu. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na leo inatunzwa zaidi na watu wanaojitolea. Hawawezi kuwa na kila kompyuta iliyopo duniani. Ukikutana na hitilafu isiyoisha, waandikie: taja toleo la programu, mfumo wa kompyuta, kadi ya michoro, na hatua zinazolirudisha kosa, moja baada ya nyingine.