Daftari Letu la Kompyuta

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita baadhi yenu mlituuliza kwa nini ofisi yataka kutumia fedha kubadili programu ya hisabu, ilhali hii iliyopo bado yafanya kazi. Suala hili ni la haki, na twapenda kulijibu.

Ni kweli yafanya kazi. Majina yenu, uzito wa karafuu zilizopimwa, miche mliyopewa na mikopo mliyochukua, yote yamo humo. Lakini programu hiyo haikubali kukaa ila katika Windows 7, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari, 2020. Tundu likigunduliwa leo, hapana wa kuliziba. Mwezi wa Mei, 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kiliingia katika kompyuta za nchi nyingi, kikafunga mafaili na kudai fedha. Hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Na dawa ya tundu lile ilikuwa imekwisha tolewa tangu Machi! Waliopatikana ni wale ambao hawakuitia. Sisi hata dawa hatuletewi tena.

Khatari ya pili ni ndogo kwa sura, nayo ndiyo inayotunyima usingizi. Aliyetutengenezea programu hii hayupo tena, wala hakuacha maelezo. Kompyuta ikifa, mwanachama aliyekwisha lipa mkopo wake atathibitishaje? Risiti za karatasi huliwa na mchwa.

Wako wanaosema tuitenge na intaneti tu. Kwa muda yafaa, na tumekwisha fanya hivyo. Lakini chombo kizee hakidumu. Yawezekana kadhalika kuiweka programu ya zamani ndani ya kompyuta mpya, kama chumba ndani ya nyumba, nayo idhani ingali katika mashine yake. Hiyo huondoa khofu ya chombo kuharibika, haizibi matundu.

Kuhama kabisa nako kuna mashaka yake. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hisabu za wateja wake kwa mkupuo mmoja, Aprili 2018. Wateja wapatao milioni 1.9 wakafungiwa nje, na Disemba 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Kwa hivyo twaona tusihame kwa usiku mmoja. Kwanza tuzitoe orodha zote na kuzitia katika majedwali ya kawaida, yanayofunguka katika kompyuta yo yote, na nakala moja ikae mbali na ofisi. Halafu msimu mzima tuandike mara mbili, katika programu ya kale na katika mpya, na kila jioni jumla zilinganishwe. (Makarani wameguna, twawaelewa.) Zikipishana hata kilo moja, tusimame tuitafute.

Tumekwisha anza kuzitoa orodha, na tumekuta majina yaliyoandikwa mara mbili, Hamad huku na Hamadi kule, deni upande mmoja na malipo upande wa pili. Hayo kompyuta haiyajui. Mwenyewe ndiye ajuaye. Twamwomba kila mwanachama afike ofisini na kitambulisho chake na risiti alizonazo kabla ya mizani kufunguliwa.

Katibu