Kanzidata za Vyama: Uaminifu na Kazi ya Kuzitunza

Chama kinachohamishia leja zake katika kompyuta hakina budi kujiuliza mambo mawili: umeme ukikatika hesabu zitasalimika, na ni nani atakayeutunza mfumo?

MySQL, iliyotolewa mwaka 1995, ilipendwa kwa wepesi. Lakini majedwali yake ya MyISAM yaliweza kuharibika umeme ulipokatika. Ndipo mwaka 2010 yale ya InnoDB, yaliyo imara zaidi, yakafanywa kuwa ya kawaida. PostgreSQL, tangu mwaka 2001, huandika kila badiliko katika shajara kabla ya jedwali, hivyo umeme ukirudi hesabu husahihishwa. Mabaki ya maandishi ya zamani sharti yafagiwe. Tangu mwaka 2008 mfumo wenyewe huifanya kazi hiyo. SQLite huweka yote katika faili moja, wala haihitaji msimamizi. Yamfaa karani mmoja, si makarani wengi wanaoandika kwa pamoja.

Hata hivyo, hakuna mfumo unaomwondolea katibu wajibu wake: nakala ya akiba ifanywe kila jioni, itunzwe nje ya ofisi, na ijaribiwe. Mwanachama aliyepotelewa na stakabadhi hana shahidi mwingine ila leja.