Kokwa ya Parachichi: Taka Inayoweza Kuwa Plastiki na Rangi

Parachichi, au avokado kama wengi wetu tunavyoliita, likishakamuliwa mafuta kiwandani au kuliwa nyumbani huacha kokwa na ganda. Viwili hivi kwa pamoja ni takriban robo ya uzito wa tunda. Kwa wakazi wa Murang'a, mojawapo ya kaunti zinazoongoza nchini kwa zao hili, huo ni mzigo mkubwa wa taka. Ukitupwa gunia moja na chupa na nepi, huishia kuoza jaani na kutoa harufu mbaya pamoja na gesi ya methani. Ukitengwa mapema, ni malighafi.

Plastiki kutoka kwa kokwa

Kokwa ya parachichi ina wanga, kama ilivyo mihogo, mahindi na viazi. Kokwa hukaushwa, husagwa, kisha unga wake huoshwa kwa maji ili wanga utulie chini. Wanga huo ukipashwa moto pamoja na maji kidogo na gliserini, chembe zake hufunguka na kushikana upya, na kuwa utando laini unaoweza kufinyangwa. Bila gliserini, utando ukikauka hukatika kama biskuti.

Udhaifu wake mkubwa ni maji: plastiki ya wanga mtupu hulainika inapolowa. Ndiyo sababu viwanda huuchanganya na plastiki nyingine inayooza. Nchini Mexico, Scott Munguía alianzisha kampuni ya Biofase, inayotengeneza mirija, vijiko na uma kwa kutumia kokwa za parachichi.

Rangi kutoka kwa kokwa hiyo hiyo

Ukikata kokwa mbichi na kuiacha mezani, baada ya muda hugeuka rangi ya machungwa. Hiyo hutokea kwa sababu kemikali zilizo ndani yake hukutana na hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walitumia hali hiyo kupata rangi ya kiasili kwa kusaga kokwa pamoja na maji.

Rangi ya vitambaa ni rahisi zaidi. Osha kokwa kumi, zitie kwenye sufuria kuukuu isiyotumika kupikia chakula, kisha zichemshe kwa moto mdogo kwa muda wa saa moja hadi maji yawe mekundu. Chuja, tumbukiza kitambaa cha pamba kilichooshwa na kuloweshwa, na ukiache usiku kucha. Utapata rangi ya waridi hafifu. Kokwa zina tanini, ambayo husaidia rangi kushika. Moto ukiwa mkali, rangi huelekea kahawia. Ukiongeza maji yaliyolowekwa misumari yenye kutu, huwa ya kijivu. Rangi hii ni ya vitambaa tu. Usiitie kwenye chakula.

Je, plastiki hii huoza popote?

Hapana. Kutengenezwa kwa mimea hakumaanishi kuoza haraka. Baadhi ya plastiki za aina hii huhitaji joto la nyuzi 60 hivi, kwenye kituo maalum cha kutengeneza mboji. Zikitupwa mtaroni au mtoni, zinaweza kukaa muda mrefu na kuziba njia ya maji kama plastiki ya kawaida.

Sheria inasemaje?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale zinapotoka. Mnamo Aprili 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliagiza kwamba taka zinazooza ziwekwe kwenye mifuko inayooza kwa asilimia 100. Kwa hivyo soko la mifuko hiyo limeanzia kwenye sheria yenyewe.

Mkazi afanye nini?

• Weka kokwa, maganda na mabaki ya chakula kwenye chombo chao. Kokwa iliyochanganyika na mafuta ya gari au vioo haimfai mtu yeyote.

• Ukitaka kuzihifadhi, zikatekate na kuzianika juani mara moja. Kokwa mbichi zikirundikwa huota ukungu.

• Vikundi vya vijana na akina mama: kubalianeni na mnunuzi kwanza, kwa maandishi, kabla ya kukusanya kwa wingi au kununua mashine.

• Pasipo mnunuzi, tengenezeni mboji. Kokwa zipondwe kwanza, kwani nzima huchelewa kuoza.

• Unaponunua mfuko unaodaiwa kuoza, uliza kama umeidhinishwa. Rangi ya kijani na picha ya jani si ushahidi.

Kiwanda hakiwezi kutumia kokwa iliyokwisha kuchanganywa na taka nyingine. Kazi hii inaanzia jikoni, hotelini na kibandani, kabla gari la taka halijafika.